Mama Beseni na Maji Aliyoyamwaga

Mwamvita binti Mahamudu ni jirani yangu. Watu wa mtaa wetu hapa Kasongo wana midomo, kila mmoja anamsimulia anavyotaka, na mimi nimechoka kusikia uongo ukipikwa upande wa pili wa ukuta wangu. Kwa hiyo naandika mwenyewe. Naitwa Anastasie. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, kazi yangu ilikuwa kusahihisha makosa ya wengine, na katika habari hizi kuna kosa ambalo nusu yake ni yangu. Nikilifikia nitalisema.

Baba yake, Mzee Mahamudu, alikuwa fundi cherehani aliyeshona kanzu za nusu ya mji. Alifariki zamani, wakati watu walikuwa bado wanafariki. Mama yake, Bi Malaika, alipika mikate ya mchele na kuiuza mlangoni. Walizaa watoto wawili tu: Mwamvita, kisha Hamadi miaka mitatu baadaye. Kwa kuwa mama yao alikuwa jikoni tangu alfajiri, Mwamvita ndiye aliyembeba Hamadi mgongoni, akamfundisha kutembea, akampiga, akamfuta machozi ya kipigo hicho hicho. Alipokua aliolewa, akaachwa kwa kuwa hakuzaa, akarudi kwao na kuanza kuuza mawese sokoni. Hakuwa mtu wa kujionea huruma. Ukimpa pole alikuuliza nani amekufa.

Hamadi alikuwa mpole, mtu wa kucheka na kukubali. Alimwoa Julienne, binti wa wakulima Wakristo wa Wamaza, kijiji cha Kabambare, akahamia kwao kulima karanga na mpunga. Mwamvita alinung'unika kwamba ndugu yake amemezwa na Kabambare, lakini kila mwaka gunia la kwanza la karanga lilifika mlangoni kwake, na kila mwaka aliliweka mahali ambapo majirani wote wangeliona.

Ila mji haukumjua Mwamvita kwa mawese wala kwa karanga. Ulimjua kwa beseni.

Vijana wa siku hizi hawajaona kilio hata kimoja, kwa hiyo lazima nieleze. Zamani mtu alipokufa, ndugu na majirani walikusanyika kwake, wakalala kwenye mikeka uwanjani, wakapika, wakalia, wakasimulia. Baada ya kuzika, na tena siku ya saba mikeka ikikunjwa, beseni la maji liliwekwa mlangoni na kila mtu alinawa. Waliokuwa wamenuniana, hata kama ni kwa miaka kumi, walinawa pamoja, mikono minne katika maji yale yale, na ugomvi ukaishia hapo. Hakuna aliyeuliza nani alianza. Hakuna aliyeomba msamaha kwa mdomo pia, maana huku kwetu mkubwa hamwombi mdogo wake msamaha kwa mdomo, afadhali ale udongo. Maji ndiyo yaliyoomba kwa niaba yake.

Beseni la mtaa wetu lilikuwa la Mwamvita, jeupe, lenye ukingo wa bluu uliobanduka mahali pawili. Alianza kulitoa kwenye kilio cha baba yake na mtaa ukamwachia kazi hiyo. Yeye ndiye aliyeteka maji, aliyekaa kando kwenye kigoda, aliyewakazia macho wakaidi mpaka wasogee. Tulimwita Mama Beseni. Nilimwona kwa macho yangu akimshika mwenye duka mmoja, mtu mzima na tumbo lake, akimwinamisha mbele ya shemeji yake. "Nawa," alimwambia. "Miye niko na kazi ingine."

Bi Malaika alikufa siku ya Jumanne, mwezi wa mvua kubwa. Wakati ule simu zilikuwa hazijafika vijijini. Mwamvita alimtuma mchuuzi mmoja wa baiskeli apeleke habari Wamaza, akamwapisha asilale njiani. Jumatano tukazika. Alhamisi Mwamvita akaanza kuangalia njia. Ijumaa akaangalia, Jumamosi akaangalia, na kila aliyemuuliza ndugu yako yuko wapi alimjibu kwa mkato. Hakulia. Watu walisema ana roho ngumu, lakini mimi niliyekaa naye mkeka mmoja niliona kwamba alikuwa anamngoja Hamadi ili walie pamoja.

Hamadi alifika siku ya saba, mikeka inakunjwa. Na alifika vipi? Amevaa kanzu nyeupe, safi, imepigwa pasi. Amenyoa ndevu. Viatu vinang'aa. Mwamvita alimwona akiingia hivyo uwanjani, katikati ya watu waliolala na nguo zilezile wiki nzima, na mimi niliyekuwa karibu niliusikia mwili wake ukikauka.

Hamadi hakusema neno. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akainama. Kabla vidole vyake havijagusa maji, Mwamvita alilivuta beseni, akalinyanyua, akayamwaga maji yote chini mbele ya watu.

"Maji ya mama iliisha," alisema. "Na siku yangu, usikuje. Usikuje kwa kilio yangu."

Kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Mtu akikwambia usije kwenye kilio changu amekutoa katika ukoo. Lakini zamani lilikuwa neno lenye mlango wa nyuma, na kila mtu alijua mlango huo ulipo. Ulikuja tu. Marehemu hangekufukuza. Au ulingoja afe mtu mwingine yeyote wa ukoo au wa mtaa, mkakutana kwenye beseni, mkanawa, basi. Katika mji kama wetu kilio hakikukosekana wiki mbili mfululizo.

Hamadi alibaki ameinama kidogo, kisha akasimama, akaenda kwenye kaburi la mama yake, na saa hiyo hiyo akarudi Wamaza. Jioni Mwamvita aliniambia huku anafuta beseni kwa pembe ya kitenge, "Atarudia huku tu, mwalimu. Kilio haiwezi kukosa." Alikuwa ameshasamehe. Alikuwa anangoja maji mengine.

Bi Malaika alikuwa mtu wa mwisho kuzikwa Kasongo.

Hatukutambua mara moja. Mwezi wa kwanza tulisema ni bahati. Mwezi wa tatu shehe alisema ni rehema, padri naye akasema ni rehema, tukashangaa jinsi walivyoelewana. Mwaka ulipoisha tukajua kwamba mambo yamegeuka. Kuku walikufa, mbuzi walikufa, muhogo ulioza shambani kama kawaida. Binadamu tu ndiye hakufa. Hata vita vilivyokuwa vikitutesa viliisha vyenyewe kwa kukosa maana: unampiga mtu risasi, anaanguka, analia, na baada ya mwezi anakuja mlangoni kwako kukuuliza ulikuwa na shida gani naye.

Tulisherehekea, sikatai. Mimi nilicheza. Kisha tukaanza kuishi ndani ya hiyo furaha na kuona vyumba vyake. Maseremala wa majeneza waligeukia vitanda, na kazi hawakosi, kwa sababu wazee hawaondoki. Kila nyumba sasa ina kibaraza kirefu kilichoongezwa nyuma, na huko wamelala wale tunaowaita waliochoka, ambao hawafi wala hawaamki, wanageuzwa asubuhi na jioni na kulishwa uji. Mwanamume wa miaka sitini bado anamwomba baba yake ruhusa ya kuuza mbuzi. Mashamba hayarithiwi, yanakatwa tu vipande, mpaka huko Wamaza kuna watu wanaolima matuta manane na kuyaita shamba. Padri akifungisha ndoa na kufika kwenye "mpaka kifo kitakapowatenganisha", anakohoa. Na Salamabila, shimo la dhahabu likiporomoka, waliofukiwa hawafi chini. Wanaita. Wenzao wana sharti kwamba hakuna atakayegusa dhahabu mpaka wote watolewe, na wakati mwingine kazi hiyo inachukua miezi miwili. Niliwahi kuongea na mmoja aliyetolewa. Nilimuuliza juu ya giza, akaniambia giza lilikuwa jambo dogo.

Lakini hasara ambayo hakuna aliyeitazamia ilikuwa ya kilio. Bila kilio, ndugu waliohamia mbali hawakuwa na sababu ya kurudi. Bila maji, walionuniana walibaki wamenuniana. Ukipita mtaani kwetu leo utaona nyumba mbili zinazotazamana ambazo zilikaa miaka kumi na tano bila kusalimiana kwa ajili ya bata. Wote walijua ni bata tu. Hakuna aliyejua jinsi ya kuanza.

Mwamvita alilitundika beseni kwenye msumari ukutani na akangoja. Mwaka wa nne alivaa vizuri akaenda kwa shehe kumuuliza kama inawezekana maji yawekwe bila maiti. Shehe alimjibu kwamba maji ya kilio bila kilio ni mchezo wa watoto, akamshauri ampigie ndugu yake simu na kumwomba radhi. Mwamvita alirudi amefura. "Miye yaya yake, dada yake mukubwa! Nimubebe kwa mugongo, tena nimuombe kwa mudomo?" Mimi ni Mkristo, nimefundishwa kuungama kwa mdomo tangu utoto, na bado nilimwelewa. Wala sikumwambia kwamba shehe amesema kweli.

Huko Kabambare watu walitafuta njia yao. Walianza kukata mgomba, wanauvika sanda, wanaulilia siku tatu na kuuzika, kisha wanaweka maji. Kilio cha mgomba, ndivyo walivyokiita. Kasongo dini zote mbili zilikikataza, na sisi watu wa mjini tulikifanya kichekesho. Katika mwaka wa tisa simu yangu ililia, maana Mwamvita hakuwa na simu. Alikuwa Julienne, mke wa Hamadi.

"Mwalimu, umuambie yaya akuje," alisema. "Bwana yangu anatengeneza kilio ya mugomba. Ni ya Bi Malaika, ile hakuikuta. Anasema yaya akuje na besani yake."

Nilivuka ua nikamwambia Mwamvita. Alisimama. Kisha akasema, "Mama yangu nilimuzika miye mwenyewe. Sasa niende kulia mugomba?"

Nikacheka. Hili ndilo kosa langu na nimeahidi kulisema. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikamwambia, "Mama Beseni, ukimaliza kulia uniletee ndizi." Na wakati ninacheka nilimwona akitupa jicho kwenye beseni pale msumarini. Niliona. Mwanamke yule alikuwa anataka mtu mmoja tu amwambie nenda, na mtu aliyekuwepo ni mimi, na mimi nilikuwa na kichekesho kizuri. Basi naye akacheka, kwa sababu nilikuwa nimecheka. Hakwenda.

Najuta. Nimeungama mara tatu, na mara zote tatu padri ameniambia si dhambi kubwa. Yeye hakumwona anavyolitazama beseni.

Miaka ikapita, na haikuwa na uzito wowote. Mwaka wa kumi na nane Julienne alipiga tena. Alisema Hamadi ameanza kusahau. Alikuwa amekwenda shambani na kukaa huko mpaka wakamtafuta. Alikuwa akimwita mbuzi kwa jina la binti yake, Elsa. Mwamvita akasema tutakwenda mvua zikiisha. Zilipoisha alikuwa na mawese mengi ya kuuza. Mwaka uliofuata mimi nilikuwa naumwa mguu. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumeishi mno katika nchi isiyo na kifo, na tulikuwa tumesahau kwamba kuna mambo mengine pia yanayoweza kuchelewa.

Siku tuliyokwenda hatimaye, tulipanda pikipiki moja sisi wawili na dereva, kama watu wote. Mimi nilikaa katikati. Mwamvita alikaa nyuma na beseni mgongoni, amelifunga kwa kitenge, na kila tulipopita kijiji watoto walitukimbilia wakidhani amebeba mtoto mkubwa. Alikuwa na miaka sabini na minne. Mahali fulani baada ya Lusangi alinigonga bega na kupaza sauti juu ya mlio wa pikipiki, "Nitaanza kusema nini?" Nikamwambia aweke maji tu, maji yataanza yenyewe. Nilikuwa bado mwalimu, bado najua kila kitu.

Hamadi alikuwa nje ya nyumba, ameketi kwenye benchi linaloelekea barabara, anamenya karanga kwenye sinia. Alikuwa amekonda lakini mzima, macho safi. Alipotuona aliweka sinia chini na kusimama kwa adabu yake ile ile.

"Karibuni, wamama. Mulitoka wapi na hii jua?"

"Kasongo," Mwamvita akasema.

"Kasongo!" Uso ukamfunguka. "Miye ni mutu wa Kasongo. Iko yaya yangu kule, anaitwa Mwamvita. Anauzaka mawese. Munamujua?"

Nilimtazama Mwamvita. Mikono yake ilikuwa kwenye fundo la kitenge kifuani, haifungui wala haiachii.

"Hamadi," alisema. "Ni miye. Miye ndiye Mwamvita."

Hamadi alimwangalia sana, uso kwa uso, kama mtu anayetaka kumsaidia mgeni aliyepotea njia. Kisha akatabasamu. "Hapana, mama, usikasirike. Yaya yangu hajui kulia. Na wewe uko unalia."

Kweli alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, wala kwenye kilio cha baba yake, wala cha mama yake, na sasa machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti na hakuyafuta.

Julienne alitutoa pale akatupeleka jikoni. Huko alitueleza yote, bila hasira, na mimi ningependa angekuwa na hasira. Mchuuzi wa baiskeli aliugua homa njiani, akalala Lusangi siku mbili, akafika Wamaza Ijumaa jioni. Jumamosi kabla ya jua Hamadi alikuwa ameondoka. Mto ulikuwa umefurika, daraja limekwenda. Alizunguka porini kwa miguu siku tatu.

"Alifika kando ya muji na matope mupaka kwa kifua," Julienne alisema. "Nguo ilipasuka yote. Akasema hawezi kukanyaga mukeka ya mama namna ile. Akaingia kwa rafiki yake mushonaji, akaoga, akaazima kanzu. Ata viatu ilikuwa ya yule rafiki. Alikuwa na vidonda kwa miguu, alirudia hapa nikamutunza mwezi muzima."

Mwamvita alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo wima. "Sababu ya nini hakusema?"

"Nilimuuliza vile vile. Alisema, yaya angeniuliza, ningemujibu. Hakuniuliza."

Kisha Mwamvita akauliza juu ya kilio cha mgomba, na mimi nikatamani niwe nje. Julienne alisema Hamadi aliweka maji mwenyewe, akakaa kando yake mpaka jua likazama. Alikataza mtu yeyote asinawe, hata yeye mkewe. Jioni aliyamwaga penye mti wa ndimu, polepole, asitie tope mlangoni.

Mwamvita alinyanyuka. Alikwenda kisimani mwenyewe, hakutaka msaada, akalijaza beseni na kulibeba mpaka kwenye benchi. Aliliweka mbele ya miguu ya Hamadi. Halafu alifanya jambo ambalo nisingeliamini kama ningesimuliwa: alipiga magoti, yeye dada mkubwa, mbele ya mdogo wake, katika uwanja wa wakwe, majirani wanatazama.

"Hamadi," alisema, "unisamehe. Nilimwaga maji yako. Sikukuuliza. Unisamehe, ndugu yangu."

Hamadi aliingiwa na haya kwa ajili yake. "Inuka, mama, inuka," alisema, akimshika kiwiko. "Utachafua nguo." Na kwa kuwa maji yalikuwa pale na yeye ni mtu wa kukubali, aliingiza mikono yake. Mwamvita akaingiza yake. Mikono minne, maji yale yale. Namwomba Mungu anisamehe, niliamini kabisa kwamba maji yatafanya kazi yao. Hamadi alinawa vizuri, akapitisha kidole kati ya vidole jinsi Bi Malaika alivyowafundisha, akaikung'uta mikono yake. Kisha akageuka kuelekea jikoni.

"Julienne! Leta bugali. Wageni wameshanawa."

Tukala. Sombe la majani ya muhogo lilikuwa tamu na Hamadi alimchagulia Mwamvita kipande kikubwa cha samaki, kwa sababu ni mgeni na ametoka mbali.

Asubuhi yake nilikuwa nafunga mzigo wangu, dereva amekuja. Hamadi alikuwa tayari kwenye benchi. Alimwita Mwamvita kwa mkono, taratibu, akamkalisha.

"Wewe mama wa Kasongo," alisema. "Ukifika, umutafute yaya yangu. Umuambie Hamadi hana kitu ndani ya roho. Ile maneno iliisha zamani, siku ile ile. Akuje tu. Asiogope."

Mwamvita alisema, "Nitamuambia."

"Kweli?"

"Kweli."

"Na atakuja?"

Mwamvita aliinuka. Alinijia, akaniambia nirudi peke yangu, nimwachie jirani wa pili kibanda chake cha mawese. Nikamuuliza atakaa mpaka lini, nikaona upumbavu wa swali langu kabla sijalimaliza.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Ana simu, tunaongea kila Jumapili. Ananieleza kwamba mambo ni yale yale. Asubuhi Hamadi anamkaribisha, anamuuliza ametoka wapi, anafurahi kusikia Kasongo, anampa ule ujumbe. Mara nyingine anauongezea maneno: kwamba yaya yake alimbeba mgongoni, kwamba mkate wa kwanza wa sufuria alikuwa akimpa yeye. Ikifika adhuhuri ameshasahau. Mwamvita alijaribu kumwonyesha kovu la kidole ambacho Hamadi mwenyewe alimkata wakiwa wadogo. Hamadi alimpa pole.

"Mwalimu," aliniambia Jumapili moja, "ananisamehe kila siku. Kila siku ya Mungu. Na mutu anayesamehewa hayuko."

Akili ikishaondoka hairudi, hilo tumeliona kwenye vibaraza vyetu vyote, na mwili unabaki. Yeye hatakufa. Hamadi hatakufa. Zamani ningemwambia avumilie kidogo, na neno hilo lilikuwa na maana, kila kitu kilikuwa na kidogo chake. Mimi mwenyewe siku hizi nimekuwa mtu wa kusema mambo kwa mdomo, upesi, na watu wanalalamika. Nilikwenda kwenye zile nyumba mbili za bata nikawagombeza wote wawili barabarani. Waliniona nimechanganyikiwa, ila wiki iliyopita mmoja wao alimsalimia mwenzake.

Mwezi uliopita nilikwenda Wamaza kuwatembelea. Niliwakuta kwenye benchi, karanga katikati yao, wote wawili macho barabarani. Hamadi alisimama akanikaribisha, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Kasongo. Akaniuliza kama nimekutana na dada yake njiani, maana ametumiwa ujumbe na leo huenda akafika. Nikamtazama Mwamvita, naye akatikisa kichwa kidogo, nisiseme kitu. Kisha akanisogezea nafasi. Nikakaa, tukawa watatu tunaangalia njia ya Kasongo, tunamngojea Mwamvita.